Rubani, tagi na upondo: watu waliozitoa meli bandarini, toka Nyangwe hadi Dar es Salaam

KABAMBARE – Katika soko la Kabambare, bati la nyumba, sabuni, betri ya redio na kitenge mara nyingi vimeanza safari mbali sana, ndani ya kontena lililoshushwa Dar es Salaam. Kutoka huko vinapanda reli ama lori mpaka Kigoma, vinavuka ziwa Tanganyika mpaka Kalemie ama Baraka, kisha vinaingia bara kwa lori, kwa pikipiki, na pale barabara ilipokatika, kwa baiskeli ya kusukuma. Watu wanalalamika juu ya barabara, na wana haki. Lakini kuna kipande kimoja cha safari hiyo ambacho hakionekani kutoka huku: pale meli kubwa inapoingia ama kutoka bandarini. Kazi inayofanyika pale si ngeni kwa Maniema. Watu wa Lualaba waliifanya kabla Dar es Salaam haijawa bandari.

Kwanza kazi yenyewe. Meli ya makontena inaweza kuwa na urefu wa mita 200 na zaidi, yaani viwanja viwili vya mpira kwa urefu wake. Katikati ya bahari inajiendesha yenyewe bila shida. Bandarini haiwezi. Usukani wa meli unafanya kazi pale maji yanapopita kwa nguvu kando yake. Meli ikienda polepole, unaugeuza usukani na meli haisikii. Juu ya meli kuna ukuta wa makontena, na upepo unausukuma ukuta huo kama tanga. Tena chombo kizito namna ile kikishaanza kwenda, kukisimamisha kunachukua muda mrefu, na ndani ya bandari hakuna nafasi ya kungoja.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, mtu mmoja wa bandari ile anapanda melini. Huyo ndiye rubani. Siku hizi ukisema rubani watu wanatazama juu, wanafikiri ndege, lakini pwani neno hili lilikuwa la bahari kabla ndege ya kwanza haijaruka. Rubani anajua mwamba uko wapi chini ya maji, fungu la mchanga limehamia upande gani, maji yanajaa saa ngapi na yanapwa saa ngapi. Anasimama karibu na nahodha na kutoa maelekezo. Chini, boti mbili ama tatu, fupi na nene, zenye injini kubwa kupita umbo lao, zinafungwa kwa kamba kwenye meli. Hizo ndizo tagi. Moja inavuta mbele, nyingine nyuma, mpaka meli iachane na gati. Kisha zinaigeuza taratibu mpaka uso wake uelekee mlango wa bahari. Meli ikishapita mahali pa hatari, kamba zinafunguliwa. Rubani anashuka kwa ngazi ya kamba huku meli ingali inatembea, anaingia katika boti ndogo na kurudi nyumbani. Kesho yake ni meli nyingine.

Nahodha hapotezi ukubwa wake wala jukumu lake. Lakini kwa saa ile, mtu aliyevuka bahari nzima anamsikiliza mtu wa mahali.

Dar es Salaam inahitaji kazi hii kuliko bandari nyingi, kwa sababu njia ya kuingilia ni nyembamba na ina kona. Mwezi wa Agosti 1914, vita ilipoanza, Wajerumani walizamisha gati lao la kuelea katika njia hiyo, na kitu kimoja tu kikatosha kuharibu mlango wa bandari nzima.

Kongo nayo ina bandari ya namna hiyo. Matadi iko zaidi ya kilomita 100 ndani ya nchi, na meli inayotoka baharini lazima ipande mto. Kati ya Banana na Boma kuna eneo ambalo mchanga wake unahamahama, njia ya mwaka jana si njia ya mwaka huu. Karibu na Matadi penyewe mto unajipinda na maji yanazunguka kwa nguvu mpaka Wabeleji wakapaita chungu cha jehanamu. Hakuna nahodha kutoka Ulaya anayepapita kwa akili yake mwenyewe. Anachukua rubani.

Huku Maniema hakuna bahari, lakini kuna Lualaba, na Lualaba ina tabia zote hizo: mchanga unaohama, miamba inayojificha wakati wa mvua na kutokeza kiangazi, na maporomoko yanayokata mto vipande vipande. Waliokuwa wanajua mambo hayo ni Wagenya. Wao ni watu wa mto, wavuvi na wapiga kasia, na walikuwa wanakaa kandokando ya maji kutoka pande za Nyangwe na Kasongo mpaka chini kwenye maporomoko ya Kisangani, ambako mitego yao ya samaki inajulikana mpaka leo. Mtu wa bara, awe mkulima ama mfanyabiashara wa pembe, alikuwa na bunduki pengine, alikuwa na shanga na nguo. Mtumbwi hakuwa nao. Mwenye mtumbwi ni Mgenya.

David Livingstone aliligundua jambo hilo kwa uchungu. Mwaka 1870 alikaa miezi mingi hapa Kabambare, ambapo yeye aliandika "Bambarre", akiuguza vidonda vya miguu. Alipopata nafuu akaenda Nyangwe, akafika mwisho wa Machi 1871. Alitaka mtumbwi tu, ashuke na mto aone unakokwenda, kwa sababu alidhani labda ni Nile. Alingoja zaidi ya miezi mitatu. Hakupata. Wenye mitumbwi walikuwa wanawaogopa wageni wote pamoja, na kilichotokea baadaye kilionyesha kwamba hofu yao haikuwa ya bure.

Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko. Nyangwe ilikuwa soko kubwa. Watu walivuka kutoka ng'ambo na samaki, vyungu, chumvi na kuku, wengi wao wanawake. Siku ile Livingstone aliandika kwamba walikuja watu wapata 1,500. Watu wa mfanyabiashara Dugumbe wakaingia sokoni na bunduki, ugomvi mdogo ukaanza juu ya bei ya kuku, wakapiga risasi katikati ya umati. Watu wakakimbilia mitumbwi. Mitumbwi ilikuwa 50 na zaidi, imefungwa katika kijito chembamba, na wote wakataka kuitoa kwa mara moja. Ikabanana. Haikutoka. Wengine waliingia na kusahau kasia, wengine wakajitupa majini wakiogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali, na mkondo ukawachukua. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kati ya 330 na 400. Livingstone alisema idadi kamili haitajulikana.

Habari hii imeandikwa sana kama habari ya biashara ya watumwa, na ni kweli ndivyo ilivyo. Lakini ukiisoma kama mtu wa mto, unaona pia bandari iliyofungwa. Wavukaji wazuri kuliko wote wa Lualaba walikufa mita chache kutoka ukingoni, kwa kuwa kijito kilikuwa na mlango mmoja mwembamba na hakuna mtu aliyeweza kusema nani atangulie. Familia zilizowahi kukimbia usiku na kukuta kivuko kimejaa hazihitaji kuelezwa zaidi.

Miaka mitatu baadaye, Agosti 1874, Mwingereza mwingine, Cameron, alifika Nyangwe na ombi lilelile. Naye akanyimwa mitumbwi. Akaondoka kwa miguu.

Stanley alikuja na jibu tofauti: alibeba mashua yake mwenyewe kutoka Uingereza, Lady Alice, iliyokatwa vipande ili ibebwe mabegani na wapagazi. Akafanya mapatano na Hamed bin Muhammed, ambaye sisi wote tunamwita Tippu Tip, amsindikize, na tarehe 5 Novemba 1876 wakatoka Nyangwe. Mwisho wa Desemba waliachana. Stanley alikuwa ameshajipatia mitumbwi zaidi njiani, mingine kwa kuinyakua usiku. Mitumbwi alipata. Marubani hakupata. Mwezi wa Januari 1877 alifika kwenye maporomoko saba ambayo Wagenya wa pale waliyajua jiwe kwa jiwe, na yeye akayapita kwa kupigana, na kwa kukata njia msituni ili mitumbwi iburutwe nchi kavu. Huko chini zaidi, karibu na bahari, mto ulimla Kalulu, kijana wake, na Frank Pocock, Mzungu wa mwisho aliyebaki naye. Alifika Boma Agosti 1877.

Mtu mmoja katika safari ile anastahili kukumbukwa: Uledi, mshika usukani wa Lady Alice, mtu wa Zanzibar. Stanley mwenyewe aliandika kwamba mara nyingi Uledi alijitupa majini kuokoa wenzake. Ni nadra mtu wa usukani kuandikwa jina.

Baada ya hapo Tippu Tip na watu wake walitawala Kasongo, Nyangwe na Kabambare, na hawakurudia kosa la kudharau watu wa mto. Walihitaji Wagenya. Pembe zilipanda na kushuka Lualaba kwa kasia zao, na mwaka 1887, Tippu Tip alipofanywa gavana wa Stanley Falls kwa jina la mfalme Leopold, njia ya kuunganisha Falls na Kasongo ilikuwa ni mto huohuo na mikono ileile. Biashara hiyo haikuwa ya upole, wala si kila mpiga kasia aliyeipenda. Lakini bila yeye hakuna kilichokwenda.

Ushahidi mkubwa kuliko yote ni wa mwaka 1893. Dhanis na askari wa Leopold walikuwa wamefika ukingo wa magharibi wa Lualaba, wanaitazama Nyangwe ng'ambo. Walikuwa na bunduki nzuri na maelfu ya watu upande wao. Mto ukawasimamisha kwa wiki kadhaa. Daktari Hinde, Mwingereza aliyekuwa katika jeshi hilo, aliandika kitabu juu ya vita ile, na anaeleza wazi kwamba mitumbwi yote ilikuwa mikononi mwa Wagenya, na kwamba Wagenya walipima pande zote mbili kabla ya kuamua. Walipoamua, waliwavusha askari wa Dhanis, tarehe 4 Machi, na Nyangwe ikaanguka siku hiyo. Tarehe 22 Aprili Kasongo ikaanguka. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka uleule, na Januari 1894 zamu ikawa ya Kabambare. Watoto wanafundishwa majina ya majemadari. Aliyefungua mlango ni mtu mwenye kasia.

Alipata nini? Hapo ndipo hesabu inakuwa chungu. Utawala mpya haukutaka kumtegemea mtu wa mto, ulitaka kumuepuka. Mwaka 1902 ikaundwa kampuni ya reli ya Empain, CFL, kazi yake kujenga reli pale tu ambapo Lualaba haipitiki na kutumia meli pale inapopitika. Stanleyville mpaka Ponthierville, yaani Kisangani mpaka Ubundu, reli ya kilomita 125, ilifunguliwa 1906. Kutoka Ubundu, meli mpaka Kindu. Kutoka Kindu, reli ya kilomita 355 mpaka Kongolo, iliyokamilika mwisho wa 1910. Kutoka Kongolo, meli tena mpaka Kabalo na Bukama. Na kutoka Kabalo, reli ya kilomita 273 iliyofika ziwa Tanganyika mwaka 1915, pale Kalemie. Kindu yenyewe ilikuwa na jina la tajiri yule: Port-Empain. Reli hiyo ilijengwa kwa jasho la watu waliochukuliwa kwa nguvu, na wazee wa ukoo nyingi za Maniema wana hadithi zao juu yake.

Hata hivyo meli haikuweza kuliepuka swali la zamani. Meli za mvuke za mito ya Kongo zilichoma kuni, zilisimama usiku, na mbele yake walisimama watu wenye fito ndefu zilizotiwa alama, wakizichomeka majini na kuzitoa, wakitaja kina cha maji kwa sauti siku nzima. Pwani fimbo hiyo inaitwa upondo. Nahodha juu, Mzungu, alikuwa na ramani. Lakini ramani ya mto wa mchanga inazeeka kila msimu. Mwenye upondo alikuwa anasoma mto wa siku ile. Majina ya manahodha yapo katika vitabu. Ya watu wa upondo ni vigumu kuyapata.

Na tagi? Kwenye mito yetu tagi ilibadilika kazi. Baharini inasaidia meli dakika chache na kurudi. Mtoni, boti yenye injini ndiyo inayosukuma ama kuvuta tishari zenye mizigo safari nzima, na tishari ikipanda juu ya mchanga, ni hiyohiyo inayorudi kuitoa kwa kamba.

Mwaka 1915 Lualaba iliona msafara wa ajabu. Wajerumani walikuwa wanatawala ziwa Tanganyika kwa meli zao, na Waingereza wakaamua kuleta boti mbili za vita, Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 hivi kila moja. Hazikuweza kupita Dar es Salaam, iliyokuwa ya Wajerumani. Zikatoka London kwa meli mpaka Cape Town, kwa reli mpaka Fungurume huko Katanga, zikaburutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na ng'ombe, zikafika Bukama. Hapo walidhani taabu imekwisha, mto utawabeba. Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Maji yalikuwa machache mno. Boti zikafungwa mapipa matupu chini yake ili zielee juu zaidi, zikaongozwa na wapiga kasia wa pale, zikakwama, zikasukumwa kwa mikono, zikakwama tena. Baadaye zilipakiwa juu ya tishari na kuvutwa na meli ya mvuke Constantin de Burlay mpaka kina kilipofaa, halafu Kabalo, halafu reli mpaka ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata Kingani ya Wajerumani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Kamanda Spicer-Simson akawa maarufu. Waliosimama katika maji ya Lualaba mpaka kiunoni wakisukuma, walirudi vijijini.

Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, haikupigana nao. Wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma Julai 1916. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Jina hilo familia nyingi za pande hizi zinalijua bila kitabu: mwaka 1997 shirika la UNHCR liliitumia kurudisha wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000 kutoka Tanzania. Waliopanda wakati huo wakiwa watoto leo ni baba na mama, na wengine wamekimbia tena.

Baada ya vita ile ya kwanza, njia ya Kalemie iliungana rasmi na bahari. Mwaka 1921 Waingereza na Wabeleji walikubaliana Ubeleji ipewe sehemu za bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Sehemu hizo ziliitwa Belbase. Kwa hiyo pamba ama bati lililotoka Maniema lilikuwa na gati lake pale baharini, na lilipotoka, lilitoka nyuma ya rubani wa Dar es Salaam. Upande huu wa ziwa, lilikuwa limepita nyuma ya mtu wa upondo. Mkono kwa mkono, mzigo mmoja.

Leo mnyororo huo umelegea upande wetu. Alama za mto zilizokuwa zinaonyesha njia zimepungua ama zimetoweka, uchimbaji wa mchanga ni hadithi ya zamani, na reli ya Kindu inakuja pale inapoweza. Zimebaki boti za mbao zenye injini ndogo, zinazopakia mpaka maji yakaribie ukingo wake. Serikali imekataza mara nyingi kusafiri usiku mtoni. Usiku watu bado wanasafiri, kwa sababu wanaokimbia hawachagui saa. Kwenye ajali za mito ya nchi hii sababu zinazotajwa ni zilezile: mzigo kupita kiasi, giza, kisiki ama fungu la mchanga ambalo hakuna aliyeliona.

Bandari ya Dar es Salaam haimruhusu nahodha mgeni kutoka na meli yake kubwa bila rubani, hata kama ana miaka 30 baharini na mitambo ya kuona gizani. Ni sheria, na anailipia. Kwenye Luama na Lualaba hakuna sheria kama hiyo kwa boti yenye watu 100. Yupo anayeijua njia, kwa kawaida. Mzee ama kijana aliyezaliwa ukingoni, ambaye anajua mwamba gani umefunikwa mwezi huu. Kama amealikwa kwenye boti ama ameachwa nchi kavu ili nafasi yake ichukuliwe na gunia, hilo linaamuliwa na mwenye boti asubuhi ya safari.

Kiangazi maji yakipungua, kwenye boti zenye mwenyewe mwangalifu, mtu bado anasimama mbele na fimbo ndefu. Anaichomeka, anaitoa, anatazama maji yamefika wapi juu ya mti, na kwa mkono anaonyesha: kulia.